Tulikwenda Kumchagua Rais, Tukaulizwa Habari za Bia

Kanisani kwetu hapa Columbus kuna watu wanne ambao mpaka leo wakiniona nakaribia huulizana kama leo ninawapeleka kumchagua nani, halafu wanacheka, na mimi nacheka nao kwa sababu sina haki ya kukasirika. Aibu yenyewe niliitengeneza mwenyewe, kwa mdomo ambao kwa kawaida hauna kazi.

Maana mimi si mtu wa kusema. Naitwa Butoyi, nilizaliwa kambini Tanzania kwa wazazi Warundi, shule ya msingi nilimaliza palepale kambini na masomo yangu yakaishia hapo, na tangu nifike Marekani nafanya kazi katika ghala la viatu, kazi ninayoipenda kwa sababu viatu havimsemeshi mtu. Kanisani hukaa safu ya nyuma karibu na mlango. Siku nikiombwa kubariki chakula, chakula hupoa (mimi nasubiri ujasiri, watu wananisubiri mimi). Sasa mtu wa namna hiyo alifikaje kusimama mbele ya kanisa zima kufundisha uchaguzi wa Marekani?

Ulikuwa mwaka wa kumchagua rais, na jimbo letu la Ohio lilikuwa lipige kura ya mchujo mwezi wa Machi. Mchungaji akatangaza kwamba wote wenye uraia waende, kwamba uraia tuliuombea kwa kufunga na sasa tusiufungie kabatini. Akauliza nani anajua mchujo unakwendaje. Watu wakainamia Biblia zao. Akapitisha macho safu kwa safu mpaka mlangoni.

"Butoyi ndiye aliyepata uraia karibuni," akasema, "yale maswali mia bado anayo kichwani. Tena ana gari la viti saba. Butoyi, utatuelezea Jumapili ijayo?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Ni neno moja tu na halina gharama. Lakini kulisema kunahitaji sauti, na kuitikia kwa kichwa hakuhitaji, ndiyo maana watu wenye haya huingia matatani wakiwa kimya kabisa. Nikaitikia kwa kichwa.

Ni kweli maswali mia ya mtihani wa uraia nilikuwa nayo. Kuna moja linalouliza vyama vikubwa viwili vya nchi hii ni vipi, nami nililijibu vizuri mbele ya afisa, kile chenye alama ya punda na kile chenye alama ya tembo, kwa majina yake kamili. Hakuna hata moja linalosema kwamba siku moja utaulizwa kipi ni chako.

Njia ya kujua ilikuwa rahisi. Ofisi ya uchaguzi ina namba ya simu, ilikuwa imeandikwa kwenye kadi waliyonitumia kwa posta. Lakini mimi na simu za ofisi hatujawahi kuelewana, unapiga, mashine inakwambia bonyeza moja, bonyeza mbili, unabonyeza vizuri unajiona msomi, halafu ghafla anatokea binadamu, na binadamu huyo anataka useme. Niliitazama ile namba siku tatu. Siku ya nne nikampigia Fidelis.

Fidelis ni kaka yangu, mtoto wa baba mdogo, anaishi Louisville kule Kentucky, na ana sifa moja kubwa, hajawahi kukosa jibu.

"Mdogo wangu, hilo ni jambo dogo," akasema. "Mimi nilipiga mchujo wa gavana. Unaingia, unaonyesha leseni, unapewa karatasi, unaondoka."

"Hawaulizi chama?"

"Wakuulize chama, wewe ni nani? Mimi sikuulizwa kitu."

Kwa kuwa mtu mwenye busara hasimamishi neno kwa shahidi mmoja (Biblia yenyewe inataka wawili au watatu), nikampigia na dada yangu Jeneroza, anayeishi Cheektowaga, upande wa uwanja wa ndege wa Buffalo, jimbo la New York. Alikuwa anasonga ugali, nikawa nasikia mwiko. Akasema naye alipiga mchujo wa viongozi wa mji na hakuulizwa chama. "Nilitia sahihi kwenye kioo cha kompyuta wakanipa karatasi. Tena walinipa na peremende."

Basi. Mashahidi wawili, majimbo mawili, ushuhuda mmoja. Sikujiuliza kwa nini katika mashahidi wangu hakuna hata mmoja anayekaa Ohio.

Jumapili nikasimama. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi, nikaisoma nikiwa nimeishika karibu na uso ili nisione watu. Nikaeleza kwamba mchujo ni kama kuchuja chai, kila chama kina chujio lake na kinachuja watu wake, anabaki mmoja huku na mmoja kule, halafu Novemba nchi nzima inachagua kati ya vikombe viwili. Watu wakapenda. Nilikuwa nakunja karatasi nikae, ndipo Mama Eliya akasimama.

Mama Eliya ni mjane, anafua mashuka hotelini, na ulimi wake hauendi likizo. "Mwanangu Butoyi," akasema, "mimi nina swali moja tu. Watatuuliza chama?"

Kwetu Warundi hilo si swali la mazungumzo. Wazazi wetu waliulizwa na watu waliokuwa wamesimama mlangoni, na hapakuwa na jibu zuri. Kambini nako siasa ilikuwa marufuku, mtu akikuuliza chama unasema wewe ni mkulima. Nikaona na Mzee Sabimana, pale safu ya mbele, ameweka mkono nyuma ya sikio ili asikose jibu.

Mzee Sabimana ndiye mkubwa wetu. Alivuka mto kuingia Tanzania akiwa kijana wa umri wangu, akazeekea kambini, na maisha yake yote hakuwa amepiga kura hata moja. Kwao Burundi alikuwa amekimbia, Tanzania alikuwa mgeni, na hapa Marekani alianguka mtihani wa uraia mara mbili kwa ajili ya masikio, akapita mara ya tatu. Alikuwa akisema wazi kwamba kabla hajafa anataka amchague rais mmoja, hata kama ni rais wa watu wengine.

"Hapana," nikasema. "Hakuna atakayekuuliza chama."

Kanisa likasema amina. Sasa, mimi sikuwa nimewahi kuitikiwa amina na watu wengi namna ile, na kama ningekaa chini wakati huo mkasa huu usingekuwepo. Lakini ile amina ilinipanda kichwani, nikaongeza cha kwangu, ambacho hakikutoka Louisville wala Buffalo. "Na mtu yeyote akikuuliza, usimjibu. Kura ni siri. Huyo atakuwa anakutega."

Amina ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Mzee Sabimana akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayetia kitu mfukoni.

Siku ya kura ilikuwa Jumanne. Shifti yangu inaanza mchana, kwa hiyo asubuhi nikapita kwenye apatimenti zetu za Reynoldsburg kuwachukua watu wanne, Mzee Sabimana, Mama Eliya, na Baba Rehema na mkewe, watu wawili watulivu ambao hufuata alipo Mama Eliya kwa kuwa ni rahisi kuliko kubishana naye. Mzee alikuwa amevaa suti ya kijivu aliyoapia uraia, na kofia. Njiani hakusema kitu. Mama Eliya alisema kwa niaba yake.

Kituo kilikuwa ukumbi wa michezo wa shule, una harufu ya viatu vya mpira, nikajisikia niko nyumbani. Foleni ilikuwa ndefu kiasi. Tukamtanguliza Mzee kwa heshima, mimi kando yake kama mkalimani.

Mezani alikaa mama wa Kimarekani, mtu mzima, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba. Akachukua kitambulisho cha Mzee, akatazama kompyuta yake ndogo, akamgeuzia kioo atie sahihi. Mzee akatia sahihi herufi moja moja, foleni yote ikingoja. Kisha yule mama akatabasamu, na kwa kuwa alikuwa ameona kwamba Mzee hasikii vizuri, akapaza sauti, akamuuliza anataka karatasi ya chama gani.

Mzee akanigeukia. "Anasemaje?"

"Anasema karibu sana," nikasema.

"Mwambie asante."

Nikamwambia asante. Yule mama akangoja, akaona hakuna kinachofuata, akauliza tena, safari hii akiinua vidole viwili, chama hiki au hiki.

"Anasemaje?"

"Anasema karibu tena."

"Watu wakarimu," akasema Mzee.

Nyuma yetu Mama Eliya alikuwa kimya, jambo ambalo lingenitisha kama ningekuwa na akili zangu. Miaka ya hotelini imempa Kiingereza kingi kuliko anavyokubali. "Butoyi," akasema, "huyo mama amesema chama. Nimemsikia. Amesema mara mbili."

Mzee akanitazama. "Ameuliza chama?"

"Ni kama ameuliza."

"Ni kama ameuliza, au ameuliza?"

"Ameuliza, Mzee."

Akavua kofia, akaiweka mezani, akamtazama yule mama machoni bila hasira, akamwambia kwa Kiswahili mahubiri yangu neno kwa neno. "Kura ni siri." Baba Rehema na mkewe wakaitikia nyuma, "Siri." Wamarekani waliokuwa kwenye foleni wakaacha simu zao wakaanza kututazama.

Nikatafsiri. Yule mama hakukasirika hata kidogo, akaeleza kwa upole kwamba ndiyo, mtu unayemchagua ni siri yako, lakini leo kila chama kina karatasi yake yenye watu wake, na mtu hawezi kuchukua zote mbili, kwa hiyo lazima ajue akupe ipi. Hapa Ohio unasema hapahapa mezani, siku yenyewe. Novemba hakuna atakayeuliza.

Na kilichoniuma ni kwamba nilielewa. Iliingia akilini kabisa. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema kila chama kina chujio lake, ila sikukaa nikafikiri watajuaje wewe umesimama kwenye chujio gani. Ilibidi nigeuke niwaambie ndugu zangu kwamba nilikosea. Nyuma yetu mtu mmoja akatazama saa, mwingine akakohoa, na mimi, badala ya kugeuka, nikamuuliza yule mama kama hakuna karatasi isiyo na chama.

Akasema ipo. Ipo kwa wasiotaka kutaja chama, ina maswali ya mtaani peke yake.

Hiyo "peke yake" niliisikia vizuri. Sikuipa nafasi.

"Ipo ya siri," nikawatangazia, na nikaona mabega ya wote wanne yameshuka, na yangu pia.

"Si ungesema mapema," akasema Mama Eliya.

Wote wanne wakapewa. Mimi sikuchukua yangu, nikasema nitapiga nikimaliza kuwasaidia, nikajaza fomu ya msaidizi kwa ajili ya Mzee, tukaenda naye kwenye mashine. Unatia karatasi, swali linatokea kwenye kioo, unagusa jibu, karatasi inarudi imeandikwa, halafu unaipeleka kwenye mashine nyingine inayoimeza. Mimi Kiingereza nakisoma kwa kidole. Nikasoma mpaka mwisho, nikarudi mwanzo, nikasoma tena.

"Wamesemaje?" akauliza Mzee.

"Wanauliza kama duka la kituo cha mafuta cha pale kona liruhusiwe kuuza bia, mvinyo na vileo vingine siku ya Jumapili, kuanzia saa nne asubuhi."

Akafikiri. "Soma vizuri."

"Ndivyo ilivyo, Mzee."

"Saa nne ni ibada."

"Ndiyo, Mzee."

"Na rais yuko ukurasa wa ngapi?"

Nikabonyeza mbele. Kioo kikaniuliza kama nimemaliza. Nikabonyeza nyuma. Bia.

Kutoka mashine ya tatu Mama Eliya akaita, kwa sauti ya mtu aliye shambani, "Butoyi, hapa kwangu kuna pombe."

"Hata kwangu," akasema Baba Rehema.

Msimamizi wa kituo, bwana mrefu mwenye beji, akaweka kidole mdomoni. Mimi nikarudi kwenye kioo, nikaanza kusoma upya kwa kidole, nikiamini rais amejificha mahali.

Kumbe wenzangu wamekwishapata maelezo yao. Mama Rehema, aliyekuwa hajasema neno tangu nyumbani, aliwanong'oneza kwamba hilo ni swali la kwanza, wanatupima. Na sisi tulivyofika nchi hii ndivyo tulivyozoea, tulipita mahojiano baada ya mahojiano, kila dirisha lilikuwa na dirisha lingine mbele yake, ukijibu vizuri hapa unatumwa pale. Basi wote watatu wakaikataa bia kwa moyo mmoja, wakazipeleka karatasi zikamezwa, wakapewa stika za kifuani za kuonyesha wamepiga kura, na badala ya kutoka nje kama watu wengine, wakarudi mwisho wa foleni kungojea karatasi ya rais.

Nilipoinua kichwa walikuwa wamefika tena mezani, na yule mama amevaa miwani yake anawatazama, anatazama stika zao, ananitafuta mimi. Nikaenda. Mzee akanifuata, karatasi yake mkononi, maana kusoma kwangu kulikuwa kumetuchelewesha na alikuwa bado hajaipeleka kwenye mashine.

Msimamizi naye akaja. Wakaeleza kwamba hakuna karatasi ya pili. Iliyomezwa imemezwa.

Nikawaambia. Safari hii nilisema yote, kwa sababu sikuwa na pa kujificha, kwamba waliosema chama ndio waliopewa rais, na sisi tumepewa bia, na kosa ni langu.

Mama Eliya akaibandua stika kifuani, akaitazama, akaibandika tena. "Yaani mimi nimeomba ruhusa kazini, nimevaa, nimekuja mpaka hapa, kukataa bia ambayo sijawahi kuionja."

"Nisamehe, mama."

"Ulimuuliza nani mambo haya?"

"Kaka Fidelis."

"Fidelis anakaa wapi?"

"Louisville."

"Louisville ni Ohio?"

"Ni Kentucky, mama."

"Na mwingine?"

"Jeneroza. Buffalo."

"Buffalo ni Ohio?"

"Hapana, mama."

"Na ofisi ya uchaguzi ya Ohio iko wapi?"

"Hapahapa Columbus. Dakika ishirini kwa gari."

Akawageukia Baba Rehema na mkewe kama mtu anayeonyesha kitu cha ajabu. "Mtoto huyu amekaa juu ya kisima, akaenda kuomba maji mkoa mwingine."

Hakuna aliyecheka, na ningefurahi kama wangecheka. Mzee Sabimana alikuwa amesimama kando na karatasi yake, nami nilishindwa kumtazama. Wale watatu walikuwa na Novemba na miaka mingine mbele. Yeye alikuwa amengoja tangu ujana, amepita mtihani mara ya tatu kwa masikio yale, amevaa suti, na mimi nilikuwa nimemletea kituo cha mafuta.

Ndipo msimamizi akaiona ile karatasi mkononi mwake. Akasema hiyo bado haijamezwa, inaweza kufutwa, apewe nyingine yenye rais. Ila atalazimika kusema.

Nikamwambia Mzee. Kisha akaniuliza, "Nikimwambia chama, yeye atamwambia nani?"

Nikamuuliza yule mama. Kwa mara ya kwanza siku ile na yeye alisita kidogo, halafu akasema ukweli. Nami nikabaki nimeushika ukweli ule mdomoni. Kumdanganya kulikuwa rahisi sana, ningesema hamwambii mtu, Mzee angetaja chama, angepiga kura yake, tungekwenda nyumbani, na nani angejua? Asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kusema "karibu" mara mbili.

"Anasema inaandikwa, Mzee," nikasema. "Uliyemchagua haandikwi. Lakini chama ulichoomba kinaandikwa kwenye daftari la jimbo, na mtu yeyote akitaka kuangalia anaruhusiwa."

Baba Rehema akamshika mkewe mkono. Kwenye foleni hata wasiojua Kiswahili walijua kuna jambo. Mzee alitazama ile kompyuta ndogo kwa muda.

"Hawa wanauliza kwanza ndipo waandike," akasema. "Wale wa kwetu walikuja mlangoni wameshaandika."

Akavaa kofia yake, akasimama wima kama wakati wa kuitwa majina kambini, akataja chama, kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo walioko nje kwenye maegesho waliisikia. Chama chenyewe sitakitaja hapa, ingawa kama nilivyosema kimeandikwa, ukitaka kaangalie.

Akapewa karatasi yenye rais. Nikamsomea majina yote na sikuongeza neno. Alipoipeleka kwenye mashine hakuiachia upesi, mpaka mashine ikaivuta yenyewe.

Nilidhani mkasa umeisha. Yule mama akaniita, akauliza, na mimi je? Nikasogea mezani, nyuma yangu wote wanne wamejipanga kama mashahidi wa ndoa. Nikataja chama. Akasema hakusikia. Nikataja tena, akainama mbele, akasema samahani. "Sema, mwalimu," akasema Mama Eliya. Nikasema mara ya tatu, na sijui sauti ile nilikuwa nimeiweka wapi miaka yote, maana ilitoka yote mara moja, ikapiga ukuta wa ule ukumbi ikarudi, na mtoto wa mtu akaanza kulia. Mzee alinitazama kwa kando. Hakikuwa chama chake.

Tukarudi katika gari moja, vyama viwili na watu watatu wa bia, na wote tulifika.

Karibu na nyumbani Mzee akauliza matokeo yatatoka lini. Hapo tena ikabidi niseme. Nikamwambia kwamba majimbo mengine yalikuwa yamekwisha kupiga kabla yetu, na wale wengine wengi niliomsomea walikuwa wamekwisha kujitoa, majina yao yalibaki kwenye karatasi tu, kwa hiyo mshindi alikuwa amejulikana tangu wiki iliyopita.

"Kwa hiyo nimesema chama changu mbele ya watu wote wale kwa ajili ya mtu ambaye ameshashinda?"

"Ndiyo, Mzee."

Akatazama nje ya dirisha mpaka tukapita taa mbili. "Si vibaya," akasema. "Kura ya kwanza, bora ishinde."

Jioni ya siku iliyofuata nikampigia Fidelis kumwambia alichonifanyia. Akakataa kabisa. Tukarudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka akakumbuka kwamba siku aliyojiandikisha alijaza fomu, na kwenye fomu palikuwa na mahali pa kuchagua chama, naye alijaza kwa sababu fomu hujazwa. Kumbe Kentucky ndivyo wanavyofanya, na New York kwa Jeneroza vilevile, chama unakiandika mapema, ndiyo maana siku ya kura hawana haja ya kuuliza.

"Yaani wanajua?" akasema Fidelis.

"Tangu siku ile uliyojaza."

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Fidelis alikosa jibu.

Jumapili nikasimama mbele ya kanisa bila kuombwa, nikasema kwamba nilifundisha nisichokijua kwa kuogopa simu, na nikaahidi mbele yao kwamba kuanzia siku ile nisichokijua nitasema sijui, na nitakachotumwa kutafsiri nitatafsiri hichohicho. Mchungaji akanishukuru. Mama Eliya akauliza kama ahadi hiyo nimeithibitisha Buffalo.

Novemba ilipokaribia nikapiga ile namba mwenyewe. Nikabonyeza moja, nikabonyeza mbili, binadamu akatokea, nikamuuliza kama uchaguzi mkuu wanauliza chama. Akasema hapana. Nikamuuliza tena. Akasema hapana, karatasi ni moja kwa wote. Mara ya tatu akaniuliza kama niko salama. Nikawatangazia watu, wakasema wataona.

Siku ikafika, tukaenda wote wanne na mimi, ukumbi uleule, foleni ndefu zaidi. Mzee Sabimana akatangulia katika suti yake. Yule mama wa miwani alikuwepo, akamkumbuka, akapokea kitambulisho, akamgeuzia kioo, na kabla hajasema neno lolote Mzee akasimama wima, akataja chama chake kwa sauti ileile.

Ukumbi ukageuka. Yule mama akatazama kushoto na kulia, akainama, akasema kwa upole kwamba leo hatuhitaji kujua, bwana, leo karatasi ni moja. Nikamtafsiria Mzee.

"Mwambie najua," akasema Mzee. "Nimesema kwa sababu hakuniuliza."

Nikamwambia hivyo hivyo, bila kuongeza kitu.